Mtoto Asiulizwe Dini Mlangoni

Mji wa Kidatu haukujengwa na watu wa dini moja. Kiwanda cha sukari, bwawa la umeme la mto Ruaha Mkuu na reli viliwaita watu kutoka pande zote za nchi, na kila mmoja akaja na namna yake ya kusali. Watoto wao wanakaa dawati moja. Kwa kuwa tumelizoea jambo hili, tunadhani haliharibiki. Linaharibika, tena kwa amri moja tu ya asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini.

Imetokea hapahapa nchini Tanzania. Wanafunzi 127 wa imani ya Mashahidi wa Yehova walikataa kuimba Wimbo wa Taifa, kwa kuwa kwao kuuimba ni kuipa nchi ibada inayomstahili Mungu peke yake. Hawakuutukana wala hawakufanya fujo. Watano walifukuzwa shule, 122 wakasimamishwa masomo. Walikwenda Mahakama Kuu wakashindwa, wakakata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani huko Mbeya ikazifuta adhabu zile. Nawaelewa walimu wanaoona Wimbo wa Taifa ni jambo zito. Hata mimi naliona hivyo. Lakini kesi huenda kwa miaka, na mtoto hangoji hukumu ndipo akue. Wenzake wanapanda madarasa, wanafanya mitihani, yeye yuko nyumbani. Hakuna jaji awezaye kumrudishia muhula uliopita.

Sisi tulikuwa na mahakama ya kukimbilia. Tazama wasio nayo.

Mwaka 1934 serikali ya Iran ilizifunga shule za Tarbiyat mjini Tehran, shule za Wabahai zilizopokea hata watoto wa dini nyingine. Kosa lao lilikuwa kufunga milango kwa siku moja, sikukuu ya dini yao. Baada ya mapinduzi ya Kiislamu ya 1979 mambo yalizidi kuwa mabaya. Viongozi wa dini wa Iran wanawahesabu Wabahai kuwa waasi wa imani kwa kumkubali Bahá'u'lláh kuwa mjumbe aliyekuja baada ya Mtume Muhammad. Februari 1991 likatoka agizo la siri, likapata kibali cha Ayatollah Khamenei mwenyewe, kiongozi mkuu wa nchi wakati huo: Mbahai akijulikana chuo kikuu, afukuzwe, na shuleni aandikishwe ikiwa tu hajajitambulisha kuwa Mbahai. Kifungu hicho cha pili kinaniumiza zaidi. Mtoto wa miaka saba anafundishwa kujificha kabla hajafundishwa kuandika.

Wabahai hawakukaa kulia. Mwaka 1987, hata kabla ya agizo hilo, vijana wao wakiwa wamekwisha kuondolewa vyuoni, walianzisha chuo chao wenyewe, masomo yakifanyika sebuleni mwa nyumba zao na walimu wakijitolea. Mei 2011 polisi walivamia nyumba hizo, na baadhi ya walimu wakafungwa jela. Daktari na mhandisi ambao Iran ingewapata kwa gharama ya dawati tu, imewakataa kwa mkono wake.

Watu wa imani hiyohiyo wana shule ya sekondari Iringa, inaitwa Ruaha, kwa jina la mto huuhuu unaoshuka hadi Kidatu. Ilianzishwa miaka ya 1980, inapokea watoto wa dini zote. Serikali yetu haikuwaogopa, na wazazi Wakristo na Waislamu wamewapeleka watoto wao huko bila hofu.

Basi mwalimu mkuu wa Kidatu akiletewa mtoto wa madhehebu asiyowahi kuyasikia, amwandikishe siku hiyohiyo, ampe dawati. Ikiwa kuna wimbo asioweza kuuimba, au siku asiyoweza kuja, mzazi aitwe ofisini wazungumze, na mtoto aendelee na kipindi cha hesabu wakati wakubwa wakizungumza.