Toka Kwenye Akaunti ya Mtu!

Wewe uliye macho saa nane za usiku huko Kayole, Umoja, Dandora, nakuita wewe! Wewe uliyevuta pazia ili mwanga wa kompyuta usimwamshe mtoto. Wewe unayemwandikia mwanafunzi wa Ohio insha ya uuguzi, mtu usiyemjua wala yeye hataki kukujua. Kwao bado ni jioni, ndiyo maana kwako hakulaliki. Ondoa mikono kwenye kibodi, unisikilize!

Kazi hiyo unaifahamu. Akaunti ya tovuti ya insha si yako, umeikodi. Oda si yako, imekuja kwa jina la mwenye akaunti. Shahada itakayotokana nayo si yako. Unasoma, unachambua, unaandika kurasa kumi kabla hakujapambazuka, na anayevaa joho ni mwingine!

Na unajua! Hilo ndilo linaloniuma. Hukudanganywa na mtu. Unajua kuwa huo ni wizi wa mtihani. Unajua kuwa mwanao akiufanya shuleni utamkanya. Unajua kuwa hungependa kudungwa sindano na muuguzi aliyefaulu kwa insha yako. Unajua, halafu unajiambia: nimalize kodi ya mwezi huu kwanza, ndipo niache. Ni mwezi gani huo utakaokuja bila kodi?

Acha sasa, kabla kazi yenyewe haijakuacha! Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa. Novemba mwaka huo huo ChatGPT ikafunguliwa kwa watu wote, na mteja aliyekuwa akikulipa akaanza kuiuliza mashine bure. Oda zinapungua, bei ya ukurasa inashuka, na mwenye akaunti bado anadai fungu lake.

Mwaka 2024 ilitoka filamu ya The Shadow Scholars, inayosimulia habari za waandishi kama wewe hapa Kenya. Dunia ilipofika hatimaye kuwatazama, waandishi walilazimika kufichwa nyuso! Fikiria hilo. Umeandika maneno mengi kuliko maprofesa wengi, na huwezi kumwonyesha mama yako hata ukurasa mmoja.

Sasa mtazame mtu mwingine wa mji huu huu. Mwandishi David Maillu hakungoja kuitwa. Miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake ya kuchapisha hapa Nairobi, akaiita Comb Books. Mwaka 1973 akatoa My Dear Bottle, mwaka uliofuata After 4.30. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya bei nafuu, vya lugha ya kila siku, vinavyomzungumzia karani, sekretari na mlevi wa mwisho wa mwezi. Wasomi walikunja pua. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Makarani wakavinunua, wakaazimana, wakavisoma ndani ya basi!

Comb Books ilianguka. Ndiyo, ilianguka, wala sitakuficha. Lakini jina halikuanguka nayo, kwa sababu lilikuwa lake. Akaanzisha Maillu Publishing House, akaendelea, na mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya ya zaidi ya kurasa 1,000. Je, akaunti yako ikifungwa kesho, wewe utabaki na nini?

Sikia sheria ya nchi yako inavyosema. Nchini Kenya, hakimiliki ya kitabu inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka 50! Watoto wako wanaweza kulipwa kwa kitabu chako wakiwa na mvi. Insha uliyotuma jana usiku haitawalipa shilingi hata moja.

Usiniambie njia huijui. Nambari ya ISBN inatolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Kazi inasajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki. Wachapaji wamejaa River Road na vichochoro vyake. Chapa nakala 50, si 1,000, maana vitabu visivyouzwa vimewafukuza wengi vitandani mwao. Mtafute mhariri, umlipe, ukubali akuumize. Wala usikeshe ukiota kuingia madarasani. Kitabu cha shule hakipiti bila idhini ya KICD, taasisi ya mitaala, na mlango huo una foleni ndefu. Uza mwenyewe: kanisani, stejini, kwa WhatsApp, pesa ziingie kwa M-Pesa.

Unauliza utaandika nini? Dada yangu, ndugu yangu, unaishi Eastlands! Wazee wa Kaloleni, Bahati na Jericho wanazikwa kila wiki na habari za mitaa hiyo zinazikwa nao. Nani ameandika habari za makanga wa Buruburu, mafundi wa Kariobangi, kina mama wanaookota plastiki kule jalalani Dandora? Wewe unaweza kujifunza uuguzi wa Ohio kwa usiku mmoja. Utashindwaje na ploti yako mwenyewe?

Na kodi? Sisemi watoto walale njaa, wala sikuahidi utajiri. Nasema tafuta kazi ya halali ya kalamu hiyo hiyo. Familia iliyofiwa inahitaji mtu wa kuandika wasifu wa marehemu kwa heshima, si kwa kunakili ule wa jirani. Mashirika yanahitaji ripoti. Watayarishaji wa video wanahitaji hadithi za kuigiza. Kampuni zinahitaji tafsiri ya Kiswahili inayosomeka. Taja bei yako bila aibu, dai nusu ya malipo kabla ya kuanza, weka saini yako chini. Mwanzoni zitakuwa pesa kidogo. Zitakuwa zako!

Basi geuka! Usingoje Januari, usingoje kompyuta mpya, usingoje mtu akupe ruhusa. Oda ya usiku huu ikiingia, ikatae. Kukicha, panda matatu uende maktaba ya Makadara au ya Kaloleni, uketi, uandike ukurasa wa kwanza, na juu yake uweke jina lako kamili, lile la kwenye kitambulisho!