Mwendo wa Aliye Nyuma

Watu wawili wanaofunga safari ya miguu pamoja hawana miguu sawa. Mmoja huwa na hatua ndefu, mwingine fupi. Mmoja hupenda kuondoka alfajiri, mwingine huchelewa kukunja blanketi. Mjini tofauti hii haionekani, kwa kuwa basi halimwulizi abiria wepesi wa miguu yake. Lakini watie watu hao katika njia ya mlimani, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, na kabla ya adhuhuri mmoja atakuwa mbele na mwingine nyuma. Hapo huzuka swali: mwendo wa safari ni wa nani? Ni wa yule awezaye, au wa yule asiyeweza?

Wako wasemao ya kuwa kila mtu aende mwendo wake. Hoja yao si ya kudharauliwa. Mwenye nguvu akizuiliwa huchoka zaidi, maana kwenda polepole kuliko desturi ya mwili nako ni kazi. Na mnyonge akisukumwa huumia. Basi, wasema, waachane njiani wakutane jioni penye moto. Katika nchi tambarare, yenye maji na watu wa kuulizwa njia, sioni ubaya wa shauri hilo. Marafiki hawalazimiki kugusana mabega kutwa nzima.

Mlima Kenya, lakini, hautoi nafasi hiyo. Njia ya Naro Moru huanza langoni, kadiri ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hupita kituo cha zamani cha hali ya hewa, penye mita 3,050, huvuka mteremko wa matope unaomeza viatu, hufika kambi ya Mackinder karibu na mita 4,200, kisha hupanda mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985. Wenye kazi za juma hutaka kuimaliza kati ya Ijumaa na Jumapili. Kwa kalenda muda huo watosha; kwa mwili ni mfupi. Huko Lenana kanieneo ya hewa ni karibu nusu tu ya ile ya Mombasa, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea. Asiyeizoea huumwa kichwa, hutapika na kukosa usingizi. Maradhi yakizidi, huyumba kama mlevi na fikira zake huvurugika.

La ajabu ni kwamba maradhi haya hayachagui mnyonge. Kijana hodari wa riadha aweza kuangushwa nayo, na mzee aendaye kwa vituo akapita salama. Tena yule kijana, kwa sababu ya mbio zake, hufika juu kabla mwili wake haujawa tayari. Aliye mbele asubuhi aweza kuwa nyuma jioni, na jambo hili lapasa kumfikirisha mwenye nguvu kabla hajaiita nguvu yake haki.

Mgonjwa, kwa haya na kwa adabu, husema, "Wewe nenda, mimi nitakungoja hapa." Je, hiyo ni ruhusa? Kwa kawaida neno la mtu mzima juu ya nafsi yake lastahili kuheshimiwa. Lakini hapa maradhi humshambulia hakimu mwenyewe: akili inayotoa ruhusa ndiyo inayougua. Dawa ya hakika ni kuteremka, wala mgonjwa hafai kuteremka peke yake. Basi mzima hana budi kukipa kilele kisogo, ingawa amekitembelea siku mbili na kukilipia fedha. Nimepata kuteremka hivyo na rafiki kutoka kambi ya Mackinder saa nane za usiku, taa mkononi. Kwa saa nzima hatukusema neno. Yeye aliona haya. Mimi nilikuwa na hasira, si juu yake, bali juu ya nyota, zilizokuwa nyingi na safi kupita kiasi.

Kiko kisa cha mlima huu kinacholifanya swali kuwa gumu zaidi. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza karibu na Nanyuki, walitoroka ili wapande mlima. Walikuwa Felice Benuzzi, Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Barsotti akaugua. Wenziwe walimwacha hemani, wakajaribu kilele cha Batian wakashindwa, wakapanda Lenana na kusimika bendera ya kwao. Kisha wakamrudia, na wote watatu wakateremka na njaa zao mpaka kambi ile ile waliyoitoroka, wakajisalimisha. Je, walimsaliti? Sidhani. Kumwacha mtu mahali unapopajua, na kurudi kwake kuwe sehemu ya safari yako, si sawa na kumpita. Hata hivyo nisingependa vijana wakifanye kielelezo, kwa maana hali ya mgonjwa huko juu yaweza kubadilika katika usiku mmoja.

Tena tusimtwike deni lote aliye mbele. Aliye nyuma naye anadaiwa, na deni lake ni kusema kweli mapema. Afichaye maumivu ya kichwa penye mita 3,050, asije akaonekana dhaifu, humnyang'anya mwenziwe uchaguzi; kuteremka kutoka hapo mchana ni matembezi, na kuteremka kutoka mita 4,200 usiku wa manane ni hatari kwa wote wawili. Kwa hiyo jioni ya kwanza, kabla ya kulala, marafiki na waulizane bila kuoneana haya: Kichwa chauma? Umekula ukashiba? Umekunywa maji ya kutosha? Maswali hayo yataka majibu kungali na nuru ya kuonea njia ya kurudi langoni.