Pasaka ya Mwezi wa Pili

Somo: Hesabu 9:6–13

Kuna wanaume hapa walifika kwa Musa siku yenyewe ya Pasaka wakiwa na shida. Walikuwa wamegusa maiti, labda walitoka kumzika mtu wao, na kwa hiyo hawakuwa safi kushiriki. Hawakunyamaza waende zao. Walimwuliza Musa kwa nini wao wazuiliwe na wenzao wanatoa. Na Musa, yule aliyenyoosha mkono bahari ikagawanyika, hakuwajibu papo hapo. Aliwaambia wangoje kwanza asikie Bwana atasema nini. Sisi wachungaji wa siku hizi tuna majibu ya haraka sana!

Jibu likaja: wafanye mwezi wa pili, siku ya kumi na nne. Mkate ni ule ule usiotiwa chachu, mboga chungu ni zile zile. Tarehe ilisonga, lakini Pasaka haikupunguzwa.

Nimelileta neno hili kwa sababu usajili wa KCSE uko karibu kufungwa. Mama mmoja wa tawi letu la upande wa Makueni amenipigia simu. Msichana wake yuko kidato cha nne. Baba alizikwa Januari, na tangu siku hiyo mtoto anaweza kukaa na ukurasa mmoja jioni nzima. Mama anauliza: Pasta, nimwache angoje mwaka ujao, ama huko ni kukosa imani? Mtu wa ushirika wa nyumbani amemwambia kuahirisha ni kumpa shetani nafasi.

Hapana. Mungu mwenyewe aliahirisha. Na hapa Kenya tumeona. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na tarehe 7 Julai Waziri Magoha akatangaza hakuna KCPE wala KCSE mwaka huo. Watahiniwa walirudi darasani tarehe 12 Oktoba. KCPE ikaanza tarehe 22 Machi 2021, na karatasi za KCSE siku nne baadaye. Tulilia ati watoto wamepotea. Wengine wao ndio hawa wanatuimbia kwaya!

Lakini usifunge Biblia kabla ya mstari wa 13. Mtu aliye safi, hayuko safarini, halafu anaiacha Pasaka tu, huyo hukumu iko juu yake. Kijana, kama unataka kungoja kwa sababu muhula mzima ulikuwa kwa simu, mwezi wa pili haukuwekwa kwa ajili yako. Ingia ufanye.

Na mzazi, uliza mapema kama wale wanaume. Ukishasajiliwa halafu usitokee kwa karatasi, matokeo yanaandikwa X. Piga hesabu ya karo ya mwaka mmoja zaidi na ndengu zilizoko ghalani, si zile unazotarajia. Tena mwulize mtoto mwenyewe. Nilipomwuliza mama huyu msichana anasemaje, alinyamaza kidogo, akasema bado hajamwuliza.

Alimwuliza usiku huo. Msichana anataka kuongea na mwalimu mkuu, na ameomba mama awe naye. Wanaenda Alhamisi. Jumatano tunafunga kwa ajili yao, Kitui na Makueni, na maombi ni saa kumi na moja jioni.