JE, MTU AWEZA KUWA MWALIMU WA NAFSI YAKE?

Swali hili limeletwa katika darasa letu hapa Kakamega, nasi twalijibu kwa maandishi kwani hapana shaka ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi nao huulizwa lilo hilo. Kijana amemaliza kidato cha nne, hana karo ya kuendelea. Akashika simu yake, akajisomesha tarehe, hisabati na lugha kwa intaneti, bila ya mwalimu. Je, hiyo ni elimu, au ni kupoteza wakati?

Wako wajibuo upesi kuwa si elimu, na hutukumbusha msemo wa kale kwamba ambaye sheikh wake ni kitabu, makosa yake huzidi usahihi wake. Msemo huo una haki yake, nasi tutaufikia. Lakini kwanza twawauliza wasemao: kijana huyo mlimpa nini badala yake? Mlimfungulia mlango wa chuo naye akakataa kuingia?

Hazina iliyo wazi leo si ndogo. Mwaka 2001 chuo kikuu cha Massachusetts Institute of Technology, Marekani, kilitangaza kuwa kitaweka masomo yake kwenye intaneti ayatwae atakaye bila ya malipo, na sasa masomo hayo yapita 2,000. Salman Khan alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hesabu binamu yake aliye mbali. Leo mamilioni ya watu husoma kwake bure. Na sisi watu wa chuo tunayo Maktaba Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, ambavyo wazee wetu wa pwani walikuwa wakingojea kimoja kimoja vije na meli. (Bure yenyewe si bure kabisa, kwani mtandao hununuliwa.)

Wala kujifunza kwa karatasi iliyotoka mbali si uzushi wa zama hizi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alizifuata fikra za Misri kwa kusoma jarida la Al-Manar lililotolewa Cairo. Lakini alilisoma hali amekwisha kupiga magoti mbele ya walimu.

Na Ibn Sina, ambaye sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomesha, asimulia mwenyewe kuwa alikisoma kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vitu vyote mara 40, hata akakihifadhi, wala asikifahamu, akakata tamaa. Siku moja sokoni dalali akamnadia kitabu, akakirudisha. Dalali akamsihi kuwa ni rahisi, dirhamu tatu tu, na mwenyewe ana shida. Akakinunua. Kumbe ni maelezo ya Al-Farabi juu ya kitabu kile kile! Akarudi nyumbani, akakisoma, na fundo likafunguka, na siku ya pili yake akatoa sadaka kwa kushukuru. Basi mtu mwenye akili kama ile alisimama mahali pamoja mara 40 mpaka akapata mtu wa pili.

Hapo ndipo ilipo haki ya ule msemo. Mwenye kujichagulia darasa huchagua apendalo. Kijana mmoja wa hapa alijisomesha tarehe za dola kubwa kwa muda wa miezi sita, akawa hodari wa kusema. Usiku mmoja akaulizwa barazani: mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, mama na ndugu mwanamume, wagawie. Thumuni, theluthi mbili na sudusi alizijua kwa majina, lakini kuzikusanya hakuweza, maana hesabu za visehemu zilimchosha akaziruka. Mzee mmoja akamwonyesha: fanya sehemu 24, mke 3, mabinti 16, mama 4, ndugu 1. Akaondoka amekasirika. Baada ya siku chache akarudi na hesabu ameziweza, na alizipata katika simu ile ile! Somo lilikuwamo siku zote. Asiyekuwamo ni mtu wa kumwuliza asilojichagulia.

Chuo kile cha Marekani chenyewe chasema wazi kuwa masomo yake ya bure hayaleti shahada, wala hayamfikishi msomaji kwa mwalimu. Basi lawama yetu yatuelekea sisi tulio na elimu, kuliko kijana. Elimu ya chuo ilifika Mumias katika karne ya 19 pamoja na watu wa pwani waliokuja na misafara. Leo vitabu vimetutangulia, na sisi tumekaa tukiuliza vyeti.

Hapa tumeanza hivi: kila Jumamosi baada ya Alasiri, aliyejisomesha jambo, mwanamume au mwanamke, huja akalieleza, na waliohudhuria wakamsaili. Mwalimu mmoja wa hesabu huja bila ya ujira, na wa fikihi tunaye. Wa tiba bado twamtafuta. Amjuaye na atuandikie.