Nani Anawajibika kwa Glasi ya Mgeni?



Kwaresima ikishapita, simu zetu zinajaa magrupu ya harusi. Mwenyekiti, mweka hazina, ahadi za michango, kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili, ukumbi, mapambo, MC. Na karibu kila kikao cha kamati hufika mahali pale pale panapochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote: vinywaji.

Zamani kidogo jibu lilikuwa jepesi. Kamati ilinunua kreti kadhaa za bia na kreti kadhaa za soda, wahudumu wakazungusha mezani, zikiisha zimeisha. Siku hizi kuna huduma mpya inayopendwa sana na maharusi vijana: baa ya kukodi. Wanakuja na kaunta yao yenye taa, glasi zao, barafu yao na vijana wawili watatu waliovaa vizuri, wanakuchanganyia kokteli huku unaangalia. Unalipia kwa idadi ya wageni au kwa saa, na ndani ya muda huo mgeni anaagiza anachotaka, mara anazotaka. Wengine wanapanga iwe kwa kuponi, wengine wanataka kila mgeni ajilipie.

Sasa, swali la leo si kama kaunta hiyo inapendeza. Inapendeza. Swali ni hili: mgeni akinywa kwenye kaunta niliyoilipia mimi, akalewa, akaumia au akaumiza mtu, je, mimi niliyemwalika nina sehemu yangu mbele ya Mungu? Au ndiyo tuseme kila mtu mzima ana akili zake?

Vikaoni huwa kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: "Pombe ni dhambi, futeni kabisa hicho kipengele." Kambi ya pili inasema: "Yesu mwenyewe alitengeneza divai, tuacheni tufurahi." Tuzisikilize zote mbili kwa haki.

Ile ya kwanza haina msaada katika mafundisho ya Kanisa letu. Zaburi ya 104 inaihesabu divai kati ya zawadi za Mungu zinazoufurahisha moyo wa mwanadamu. Yoshua bin Sira, sura ya 31, anaisifu divai inayonywewa kwa kiasi. Paulo anamshauri Timotheo atumie kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mtakatifu Yohane Krisostomo, ambaye hakuwa mtu wa kuchekea ulevi hata kidogo, aliwaambia waamini wa Antiokia kwamba divai ni kazi ya Mungu, bali ulevi ni kazi ya shetani. Na sisi Wakatoliki, kila Misa divai iko altareni. Hatuwezi kusema kitu ambacho Bwana alikichagua kiwe Damu yake ni kichafu chenyewe kwa asili.

Kambi ya pili nayo inaenda haraka mno. Ni kweli, kule Kana kulikuwa na mabalasi sita ya mawe, na ukipiga hesabu ya vipimo vya wakati ule, kila moja lilibeba kati ya lita 80 na 120 hivi. Hiyo ni divai nyingi, tusiipunguze. Lakini harusi za wakati ule zilikwenda kwa siku nyingi. Karamu ya Samsoni katika kitabu cha Waamuzi ilikuwa ya siku saba, na kijiji kizima kilihusika. Tena angalia, pale Kana kulikuwa na mkuu wa meza. Divai ile mpya ilipelekwa kwanza kwake, akaionja yeye. Kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua nini kinaingia mezani. Ukichukua muujiza ukamwacha mkuu wa meza, umechukua nusu ya habari.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analipanga jambo hili vizuri sana katika Summa yake. Anasema kunywa divai si kosa kwenyewe, ila kunaweza kuwa kosa kwa sababu nne: mnywaji ni mtu anayedhurika nayo kirahisi, au amefunga nadhiri ya kutokunywa, au anakunywa kupita kiasi, au kunywa kwake kunamkwaza mwingine. Soma tena hizo nne. Hakuna hata moja inayohusu chupa yenyewe. Zote zinahusu mtu: ni nani anakunywa, kwa namna gani, na nani yuko karibu naye.

Halafu anaingia kwenye swali letu kabisa. Anamtaja Nuhu, ambaye alilewa kwa kuwa hakujua nguvu ya divai, na anasema mtu wa namna hiyo hana dhambi. Kisha anageuka kwa yule anayemkaribisha mwenzake kunywa. Naye, anasema, hana hatia kama hakujua kwamba kinywaji kile kitamlewesha mwenzake. Lakini kama alijua, hana pa kujifichia.

Hapo ndipo "kila mtu ana akili zake" inapoanza kuvuja. Kwa maana ukitazama kokteli, nani anajua nini kimo ndani?

Tufanye hesabu ya kawaida. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Kipimo kimoja cha pombe kali, mililita 30 yenye asilimia 40, kina mililita 12. Kokteli yenye vipimo viwili ina mililita 24, yaani sawa na ile bia nzima. Yenye vipimo vitatu ina 36, karibu bia moja na nusu, ndani ya glasi moja iliyojaa barafu, nanasi na sukari, inayoshuka kama juisi. Mwili nao hauna haraka. Ini linahitaji takribani saa mbili au zaidi kumaliza kilevi cha bia moja kama hiyo, na kahawa haiharakishi, wala maji baridi ya kunawa uso. Mtu aliyekunywa glasi nne za "juisi" ndani ya saa moja na nusu anafika mlangoni akiwa hajui amebeba nini.

Mgeni huyo yuko karibu na Nuhu. Shangazi aliyetoka Moshi au Sumbawanga kuja kumwozesha mtoto wa kaka yake, ambaye maisha yake yote anajua mbege, komoni au bia moja ya sherehe, akipewa glasi nyekundu yenye kipande cha chungwa ataipokea kwa heshima ya nyumba. Hajui. Anayejua ni mchanganyaji, na aliyekubaliana na mchanganyaji ni sisi wa kamati. Kwa mantiki ya Mtakatifu Thoma, kadiri mgeni anavyojua kidogo, ndivyo mzigo unavyosogea upande wa mwenyeji.

Yupo na mgeni mwingine tunayemsahau. Huyu anajua vizuri sana nini kimo ndani ya glasi, kwa sababu anapigana nacho. Matt Talbot alikuwa kibarua wa Dublin, Ireland, aliyeanza kunywa akiwa na umri wa miaka 12 hivi na kuwa mlevi kabisa. Siku moja mwaka 1884, akiwa hana senti mfukoni, alisimama njiani akitegemea rafiki zake waliolipwa mshahara wamkaribishe kinywaji, kama yeye alivyowanunulia mara nyingi. Wakampita. Akarudi nyumbani, akaenda kuweka ahadi ya kuacha pombe, na hakuinywa tena hadi alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa. Mwaka 1975 Kanisa lilitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Sasa mfikirie Matt Talbot amepewa kadi ya harusi yako. Ana miezi mitatu tu tangu aache. Amekuja kwa sababu anakupenda. Anakuta kaunta ipo karibu na mlango wa kuingilia, kila mhudumu anayepita anamsogezea sinia, na MC anatangaza kwenye kipaza sauti kwamba meza isiyonyanyua glasi haimpendi bwana harusi. Kisha anaomba kitu kisicho na kilevi, anapewa soda ya moto kwenye chupa, wakati wenzake wameshika glasi za kupendeza. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwamba ni vizuri kuacha hata nyama na divai kama vinamwangusha ndugu. Hakuwa anazungumzia usafi wa divai. Alikuwa anazungumzia thamani ya ndugu.

Kuna pia suala la haki, na hili linagusa mfuko. Pesa ya harusi zetu kwa sehemu kubwa ni mchango. Humo ndani kuna elfu hamsini ya jirani Mwislamu, ya Msabato mnayefanya naye kazi, ya mama anayeuza mboga aliyetoa kwa kujinyima. Si vibaya pesa ya pamoja kununua kinywaji cha sherehe. Lakini kama kaunta ya kokteli inameza bajeti mpaka chakula kinaisha kabla meza za nyuma hazijafikiwa, tumerudi Korintho, ambako Paulo aliwakemea Wakristo kwa sababu mmoja alikaa na njaa huku mwingine amelewa, kwenye kusanyiko lile lile. Na wanaosema "basi kila mtu ajilipie," nawaelewa, unywaji unaweza kupungua. Ila hapo wenye nacho watakuwa na sherehe yao kaunta, na wasio nacho watabaki kuangalia. Kubadilisha mlipaji hakubadilishi mwenyeji.

Mtu atasema: "Lakini kumkatalia mgeni glasi ni kumdhalilisha." Kweli kabisa, na Yoshua bin Sira alishaliona. Katika sura ile ile ya 31 anaonya tusimkemee mwenzetu kwenye karamu ya divai. Ndiyo maana busara inatakiwa ifanye kazi mapema, kwenye makubaliano, si saa tano usiku kwa kumnyang'anya mjomba glasi mbele ya wakwe.

Kwa hiyo, kama kamati yenu imeamua kukodi baa, yasemeni haya kabla ya kulipa kianzio. Kaunta ifunguliwe baada ya chakula kuanza kutolewa, siyo watu wakiwa na njaa wakisubiri maharusi wanaopiga picha. Ifungwe mapema, walau saa moja kabla ya sherehe kwisha. Kila kokteli iwe na kipimo kinachojulikana, na mhudumu amwambie mgeni nini kimo. Vinywaji visivyo na kilevi vitengenezwe kwa heshima ile ile: ukwaju, tangawizi, nanasi, kwenye glasi zile zile, ili anayekunywa na asiyekunywa wasitofautishwe kwa macho. Maji yawe kila meza. Mwenye umri chini ya miaka 18 asipewe, hata akitumwa na baba mdogo. Mhudumu apewe ruhusa ya kusema "tusubiri kidogo" bila kuogopa kwamba mtamkata malipo. Naye ni kijana kama sisi, ana dhamiri, tusimlazimishe kumwaga anachoona si salama. Na MC aonywe asifanye kunywa kuwa kipimo cha upendo.

La mwisho ni usafiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema wazi kwamba mtu anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa sababu ya ulevi anabeba hatia nzito. Kama tuna bajeti ya kumrudisha mgeni fahamu kidogo, hatuwezi kukosa bajeti ya kumrudisha nyumbani salama. Basi dogo moja la kukodi, au mtu wa kamati asiyekunywa anayesimama mlangoni kuita teksi na kuomba funguo kwa upole, ni sehemu ya gharama ya baa. Kama hela haitoshi vyote viwili, basi hela ya baa haikutosha.

Na kama maharusi wameamua harusi yao iwe bila pombe kabisa, wasionewe aibu. Hawajaikataa Kana. Labda wanamjua ndugu fulani ambaye sisi hatumjui.

Mama Maria kule Kana hakuwa na cheo kwenye kamati. Alikuwa mgeni aliyeona kinachopungua kabla wenyeji hawajaaibika. Harusi inayofuata, uwe mwanakamati, msimamizi au mwalikwa tu, jiulize: hapa nani anahitaji kuangaliwa?

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyekubali kualikwa harusini, tufundishe kufurahi bila kumpoteza ndugu yetu hata mmoja. Uwalinde wageni wetu mezani na njiani, uwape nguvu wanaopigana na pombe kimyakimya, na utupe sisi wenyeji macho ya Mama yako. Amina.