Elfu Saba za Kumnyamazisha Mbwa

Kwa siku tatu nilikaa na shilingi elfu saba mfukoni, za kununua sumu ya mbwa. Nilipewa mimi kwa sababu ndiye natunza pesa za kikundi chetu cha vijana, na watu wananiamini. Sumu yenyewe ni bei rahisi. Pesa nyingi ilikuwa ya nyama ya kuifichia.

Ninyi mnaosoma mkiwa Nakivale au Kyaka mtashangaa mbwa mmoja anawezaje kuwa kesi kubwa hivi. Basi Bukoto iko hivi: upande wa barabara kuna majumba ya ukuta, geti na askari wa usiku. Nyuma ya ukuta huohuo kuna nyumba zetu za chumba kimoja, zile Waganda wanaziita mizigo. Mwenye mbwa analala mbele, amefunga madirisha yake ya vioo. Sisi mabati yetu hayazuii hata mvua, sembuse sauti. Mbwa anaitwa Simba. Alikuwa anaanza saa nne usiku, na adhana ya alfajiri inamkuta bado anaendelea.

Sitawacheka waliokasirika. Huku mjini hakuna chakula cha kugawiwa, usipotoka hauli. Kuna akina mama hapa wanaamka saa kumi kwenda kuchukua mboga soko la Kalerwe, kisha wanatembeza beseni kutwa nzima. Ukimnyima usingizi mtu kama huyo umemnyima pesa.

Halafu kuna koko wa chumba cha mwisho. Ametoka Djugu, kule Ituri. Kwao mbwa kubweka usiku ndiyo ilikuwa habari ya kwanza kwamba watu wabaya wameingia kijijini. Basi Simba akianza tu, yeye anakaa kitandani, anavaa viatu, anangoja. Asubuhi ananiuliza: “Mutoto, ile imbwa iko inaona nini?” Kila asubuhi. Siku moja alituambia kwamba waliokimbilia porini, wengine walimuua mbwa wao wenyewe kwa panga, asije akabweka na kuwaonyesha mahali walipojificha. Hakusema kama na yeye alifanya hivyo. Sikumuuliza.

Kwenye mkutano wa kuchanga zile pesa, kijana mmoja alisema: “Kule tulinyamazisha mbwa ili tuishi. Hapa tofauti ni nini?” Wote tukanyamaza, na mimi nikapokea pesa.

Swali lake lilinikaba siku zote tatu. Sitaki kumhukumu mtu aliyekuwa porini na watoto, usiku, na panga za wenzake ziko nyuma yake. Yeye hakuwa na dakika ya kujaribu kitu kingine. Lakini sisi tulikuwa na miezi. Tulitukana juu ya ukuta, tulirusha mawe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kugonga geti. Mtu hawezi kusema “sikuwa na njia” kama hakuitafuta. Ndipo jioni ya tatu nikaenda kugonga, pesa bado ziko mfukoni.

Askari ni mzee aliyekuwa jeshini, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Waganda wengi. Nikamwambia, “Mzee, nimekuja juu ya Simba.” Akanijibu, “Hata mimi silali, mtoto wangu,” akacheka, maana yeye kazi yake ni kutolala.

Akanionyesha. Simba amefungwa kwa waya wa kama mita mbili, hapo hapo getini, mchana na usiku, ati awe mkali. Anakula mara moja kwa siku, posho na mukene. Chini ya geti kuna nafasi, na kupitia hapo anaona miguu. Dunia yote ya Simba ni miguu inayopita! Anabwekea mguu, mguu unaondoka, kwa sababu ulikuwa unapita tu. Lakini kichwani mwake yeye ndiye ameufukuza. Kesho atabweka zaidi. Na sisi tukipiga kelele kutoka nyuma ya ukuta, kwake ni kama tunamjibu. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: mzee alisema siku hizi hata hatoki kuangalia Simba anabwekea nini. Mbwa anayebwekea kila kitu halindi chochote.

Tulianza na bati kuukuu, tukaziba ile nafasi ya chini ya geti. Mzee akaomba ruhusa kwa bosi wake amfungue usiku, azunguke ndani ya ukuta, na jioni kabla ya zamu atembezwe kwa kamba mpaka mtaa wa pili na kurudi. Chakula kikahamia usiku, na mfupa wa kutafuna. Kazi ngumu ilikuwa ya kumfundisha: anabweka, hausemi kitu, akinyamaza hata kidogo tu, unasema “kimya” kwa sauti ya chini na kumpa kipande cha utumbo. Lazima kipande kifike akiwa amenyamaza. Ukichelewa akaanza tena, umemlipa kwa kubweka. Nilikosea hapo wiki nzima.

Kulikuwa na ushauri mwingine. Mmoja alisema tumfunge mdomo kwa kamba usiku. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Ukimfunga hivyo kwenye joto unaweza kumuua. Mwingine alisikia kwamba wazungu wanamkata mbwa sauti kwa upasuaji. Kweli upasuaji huo upo, lakini Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, wa 1987, unaukataza. Nafikiri sababu ni ileile: unaondoa sauti na kuacha kinachomfanya apige sauti. Njaa, waya, upweke, vyote vinabaki, ila sasa havikusumbui wewe.

Najua mfanyakazi wa shirika akisoma hapa atafurahi, na mkimbizi mwenzangu atauliza: mbwa wa tajiri anapewa utumbo, na mtoto wangu je? Ni swali la haki. Mimi mwenyewe lilinichoma nilipokuwa naununua. Lakini Simba hakula utajiri wa nyumba ile. Alikula posho, amefungwa getini. Na kule Gulu, kuna watu walioumizwa na vita vya LRA ambao wamepewa mbwa ili wapone pamoja. Mradi unaitwa The Comfort Dog Project, na aliyeuanzisha ni Francis Okello Oloya, ambaye bomu lilimpofusha akiwa mtoto. Shuleni, mbwa ndio walimsaidia kutembea. Nilimwambia koko habari hiyo. Hakusema kitu, lakini aliuliza huyo mtu alikuwa na miaka mingapi.

Simba bado anabweka. Boda ikisimama karibu anabweka, mara tatu nne, mzee anatoka anaangalia, basi. Koko bado anakaa kitandani, ila viatu havai kila mara. Juzi aliniambia usiku ukiwa kimya sana pia anaamka, anasikiliza kwa nini.

Elfu saba nilizirudisha, kila mtu chake, isipokuwa kijana mmoja aliyesema ninunue utumbo. Ni yuleyule aliyeuliza swali. Lakini mzee wa getini hajui habari ya zile pesa. Kila jioni ananisalimia, ananiita rafiki wa Simba mbele ya watu, na ananipa kamba nimtembeze. Sijamwambia. Mara mbili nimefungua mdomo, nikaishia kumwuliza kama mbwa ameshakula.