Nani Mrithi wa Udongo wa Chini?

Msomaji, hebu tuulizane. Mzee akikuachia shamba, amekuachia nini hasa? Wengi tutajibu: ekari kadhaa na mipaka yake. Urefu tunapima, upana tunapima, na ndugu hushikiana mapanga kwa ajili ya hatua moja. Lakini kina nani hukipima? Eti udongo ni udongo tu!

Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo wale wa ICRAF, walichimba mashimo kwenye mashamba ya magharibi mwa Kenya. Juu, mahindi yalikuwa na njaa ya naitrojeni. Chini, kati ya nusu mita na mita mbili, naitreti imejilundika! Mvua iliizamisha huko ambako mizizi mingi ya mahindi haifiki. Mtu analala njaa, kumbe ghala liko chini ya kitanda.

Wakapanda sesbania. Mizizi yake mirefu ikaifuata naitreti, majani yakaanguka yakaoza, rutuba ikarudi juu. Fosforasi je? Hiyo haikurudi vivyo hivyo, kwani huko chini ni haba, na udongo mwekundu huing'ang'ania. Nyingine tulishaivuna ikaondoka na gunia. Mti haupandishi kisichokuwepo.

Basi madeni ni mawili. Kilichozama hurudishwa kwa subira. Kilichobebwa sharti kiletwe na aliyekibeba.

Siku moja nilimshauri kaka yangu aache nusu ya shamba chini ya miti kwa msimu au miwili. Akacheka. "Wewe unakaa mjini. Watoto wangu watakula majani?" Nikanyamaza. Nani atamlaumu mtu kwa kulisha wanawe? Lakini wanaokula leo ndio haohao watakaorithi kesho. Kwa mkono mmoja anawapa, kwa mwingine anawanyang'anya, na wala hana mkono wa tatu.

Nilipowaza zaidi nikaona nimemhukumu asiye mshtakiwa wa kwanza. Kila Desemba napokea gunia la mahindi kutoka nyumbani. Narudisha nini? Gunia tupu. Rutuba ya mzee inaishia kwenye choo cha mjini, halafu namhubiria kaka habari za vizazi vijavyo!

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Mwaka huu gunia langu limerudi na mbolea. Halitoshi, najua. Lakini sasa, nikimshauri kaka kuhusu miti, walau sitakuwa nazungumza mdomo ukiwa umejaa ugali wake.